Kitufe cha Kuongea

Mkwe wangu Mwai ni daktari wa meno, na daktari wa meno amezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Kwa hivyo alipoingia dukani kwangu na katalogi tatu kwapani, akaanza kunieleza habari za redio, mimi Warigia, nilitazama dari nikamwomba Mungu anipe subira. Sikupewa.

Kabla ya duka nilikaa miaka kumi na tisa kwenye redio ya waokoaji wa mlimani. Mtu akipotea kule juu kwenye ukungu, akivunjika mguu, akishindwa kupumua, sauti yake ilifika kwangu kwanza. Nilipostaafu nikafungua duka hapa Nyeri mjini, ghorofa ya kwanza, nyuma ya soko. Natengeneza redio za walinzi, spika za makanisa, na amplifaya za watu wa matanga ambao hurudisha vitu vikiwa na chai ndani. Kazi naijua. Anayetaka kunifundisha aje na kitu kipya.

Kwenye kaunta nakaa na Njoki. Ni mwajiriwa wangu, lakini ni mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hivyo ni kama dada. Njoki haongei sana. Mteja akieleza shida yake, Njoki anamsikiliza mpaka amalize, hata mteja akiwa mjinga wa kupindukia. Mimi hilo sijawahi kuliweza.

Halafu kuna hili jambo la mkwe. Siku hizi vijana wanawakumbatia mama wakwe zao hadharani, wanaitana majina ya utani, sijui nini. Mimi nililelewa na shosho, bibi yangu, kule Mukurwe-ini, na kwa shosho mkwe wa kiume na mama mkwe hawarushiani maneno uso kwa uso. Ni heshima. Neno zuri unaweza kumwambia mwenyewe. Neno kali linapitia kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa mimi na Mwai hatukuwa na maneno mengi mazuri, Njoki alikuwa na kazi.

Siku hiyo Mwai alifungua katalogi juu ya kaunta, akazipanga vizuri kama vifaa vyake vya kung'olea meno.

"Mama, safari imefika," akasema. "Mwezi wa kwanza. Kilifi mpaka Pemba, mimi na Gathoni. Sasa imebaki tu kuchagua vyombo vya mashua, nikasema nianzie hapa nyumbani."

Gathoni ni binti yangu. Ni mmoja tu, sikupata mwingine. Ana miaka thelathini na moja, anafundisha hesabu, na tangu aolewe na huyu mtu wa kutoka Kenol Jumamosi zake zinaisha ziwani Naivasha ndani ya mashua ya tanga. Mashua yenyewe waliinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama, wakaileta juu ya trela mpaka kwao Ruring'u, na kwa sasa imekaa pale uani kungoja bahari, mlingoti umelazwa, majirani wanaipiga picha. Naivasha sikusema kitu. Naivasha ukisimama unaona ng'ambo. Lakini bahari! Watu wawili, mashua ya mita nane, na nahodha anayejua kung'oa magego!

"Njoki," nikasema, "mwulize daktari amefikiria kununua nini."

Njoki akamtazama Mwai, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na alikuwa amesikia vizuri kabisa. "Anauliza umefikiria kununua nini."

Mwai alikuwa amefikiria skrini. Skrini kubwa ya kuonyesha ramani, inchi kumi na mbili, yenye rangi. Halafu rada. Halafu kipima kina cha maji kinachochora hata samaki. Alikuwa amezungushia kila kimoja kalamu nyekundu. Nikatafuta dira katika hizo katalogi, ile dira ya kawaida isiyotaka umeme, haikuwa imezungushiwa. Nikatafuta ramani ya karatasi. Hakuna.

"Mwulize betri ni ngapi."

"Anauliza betri ni ngapi."

"Moja," Mwai akasema. "Na sola panel kidogo hapo nyuma."

"Mwambie hiyo skrini na hiyo rada zitakula betri yake yote kabla ya saa saba mchana, halafu usiku meli kubwa ikija atawasha nini? Tochi ya simu?"

Njoki alifikisha, ila aliiacha ile ya tochi. Nilimwona akiiacha.

"Na mawasiliano?" nikauliza. "Mwambie nataka kusikia mawasiliano."

Hapo Mwai akatabasamu, lile tabasamu la kukwambia hutasikia uchungu. Akatoa mfukoni redio mbili ndogo za mkononi, mpya, bado zina karatasi ya plastiki kwenye kioo.

"Hiyo nimemaliza, Mama. Nimejaribu mwenyewe. Jumamosi nilipanda Nyeri Hill na hii moja. Rafiki yangu Mwaniki nikamtuma Kagio na ile ingine. Kagio! Karibu kilomita arobaini. Tumeongea dakika kumi, sauti safi, mpaka nikasikia mama wa sokoni akimwuliza Mwaniki kama anataka nyanya ama anasumbua tu. Sasa kama huku kwetu na milima yote hii inafika Kagio, baharini hakuna mlima hata moja. Hakuna miti. Ni wazi tu. Si itafika mbali zaidi?"

Haiya! Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Unajua ni watu wa huku tu wanaoweza kukosea namna hiyo. Tumezaliwa juu, tumekulia juu, tunaangalia chini kila siku, mpaka tumesahau kwamba tuko juu.

"Njoki, mwambie daktari kwanza redio za baharini haziruhusiwi kutumiwa kule Nyeri Hill, ni makosa kisheria. Mwambie pili, hii redio inaenda moja kwa moja kama jicho. Antena isipoona antena ingine, hakuna kitu. Alikuwa amesimama mita elfu moja juu ya Kagio, hata jicho lake lingefika. Baharini atakuwa ameketi kwa maji, antena iko hapa," nikajigusa shingo, "na dunia ni mviringo. Maji yenyewe yanainuka katikati yenu. Hayo maji ndiyo mlima. Kilomita saba, nane, basi. Pemba ni zaidi ya mia!"

Njoki akavuta pumzi aanze, Mwai akamzuia kwa mkono.

"Mama, na heshima yote," akasema, "hiyo ni ya vitabuni. Mimi nimejaribu kwa uwanja."

Miaka kumi na tisa. Nimewasikia watu wakipumua mara ya mwisho kwenye kipaza sauti, na mtu ananiambia ati ya vitabuni. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yakipiga. Lakini shosho alinilea vizuri, kwa hivyo nikamgeukia Njoki.

"Mwambie Jumamosi ijayo tunaenda Mwea."

Nilichagua Mwea kwa sababu ni tambarare. Mashamba ya mpunga, maji, tuta, maji tena, hakuna kilima. Nilibeba redio zangu mbili za duka, za nguvu sawa na zake, kwenye masafa ambayo duka lina kibali chake. Gathoni aliendesha gari. Tulipofika nikawaambia watoe simu zao, nikazitia ndani ya mkoba wangu pamoja na simu yangu, nikafunga zipu.

"Kwa nini, Mama?" Gathoni akauliza.

"Kwa sababu huko mnakoenda hakuna mnara wa simu."

Mpango ulikuwa rahisi. Mimi na Mwai tungebaki kwenye tuta, tumeketi chini, kwa sababu ndani ya mashua mtu hukaa chini. Gathoni angeenda na gari kwa barabara ya mashambani, kila kilomita mbili asimame, aketi chini, atuite. Akifika kumi ageuke arudi, aendelee kutuita njiani. Akaondoka. Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Njoki alikuwa Nyeri, analinda duka.

Basi tukakaa, mama mkwe na mkwe, kwenye tuta moja, redio katikati yetu. Mwai aligeukia mpunga. Mimi niligeukia barabara. Ndege walikuwa wengi kuliko watu.

Kilomita mbili, Gathoni alisikika kama yuko nyuma ya mgongo wangu. Nne, vizuri. Sita, mikwaruzo, lakini maneno yanatoka. Mwai akanitazama kidogo kwa pembe ya jicho, nikajua anafikiri ameshinda. Nane, tukapata vipande. "...mama... sikia... tena." Baada ya hapo, mvumo mtupu.

"Gathoni," Mwai akaita. "Gathoni, unanisikia?"

Mvumo.

"Gathoni, hapa ni Mwai. Jibu."

Aliita mara sita, nilihesabu. Ile ya kwanza alikuwa daktari. Ile ya sita alikuwa mtu amepoteza mke wake sokoni. Na nitasema ukweli, kwa sababu hakuna maana ya kusimulia nusu: nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Nilimwona akimeza mate, nikasema moyoni, meza, meza hiyo.

"Kuna miti," akasema mwishowe. "Pale kuna miti na nyumba. Baharini hakuna."

"Toa miti," nikasema. "Ongeza kilomita moja. Haya, umefika tisa. Pemba iko wapi?"

Nilikuwa nimemjibu mwenyewe, uso kwa uso. Shosho anisamehe. Mlango ukishafunguka hivyo haufungiki, na mimi sikutaka ufungike. Nikainyakua redio pale chini kabla hajaita tena, nikaishika kifuani, nikamgeukia.

"Umesikia ile sauti?" nikamwambia. "Hiyo sauti ya hakuna mtu. Hiyo ndiyo utasikia binti yangu akiwa ndani ya maji na wewe uko na redio ya kuchezea na televisheni ya inchi kumi na mbili! Unafikiri nimekuja hapa kukufundisha redio? Nimekuja kukuzuia. Nilitaka ishindwe. Niliomba ishindwe. Hata ungenunua duka lote, nisingependa uende, kwa sababu siku zote wewe ni mtu wa kutaka kuonekana. Ulitaka harusi ya kuonekana, ukataka nyumba ya kuonekana, sasa ni mashua ya kuonekana. Na huyo mtoto wangu hana akili ya kukataa. Hakuwa nayo akiwa mdogo na hana sasa. Ukimvuta anafuata. Ukimwambia ruka anaruka. Angekuwa na kichwa chake mwenyewe angekuwa amekuacha kitambo!"

Sikuishia hapo. Nilimwambia habari za mama yake. Nilimwambia habari za wale wanaume wawili ambao Gathoni angeweza kuolewa nao, nikawataja majina. Nilisema dakika nne, labda tano. Mwai hakunitazama usoni. Alikuwa ametazama mkono wangu.

Halafu vumbi likaja barabarani, na gari. Gathoni akasimamisha, akashuka, hakufunga mlango. Alikuja juu ya tuta polepole, akiangalia pale pale alipokuwa akiangalia Mwai.

"Achia, Mama," akasema.

"Niachie nini?"

"Kitufe."

Nikatazama chini. Kidole gumba changu kilikuwa kimekandamiza kitufe cha kuongea mpaka ukucha umekuwa mweupe. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Ngai, Mungu wangu! Hilo ni kosa la siku ya kwanza kazini. Niliwahi kumfukuza kijana wa watu kwa kosa hilo.

"Nilianza kuwaita pale kanisani, kilomita tano," Gathoni akasema. "Niliita na kuita. Hamkunisikia, kwa sababu umeshika kitufe. Lakini mimi nilikusikia."

"Umesikia nini?"

"Yote. Mpaka Kahiga wa benki."

Mwai akainuka, akasema, "Gathoni, wacha, Mama alikuwa tu na wasiwasi."

"Kaa chini, Mwai."

Akakaa. Na mimi, sijui kwa nini, nikakaa zaidi.

"Mashua ni yangu," binti yangu akaniambia. "Mimi ndiye nilimtafuta yule mzungu. Mimi ndiye nilijifunza kwanza. Pemba ni mimi. Huyu anatapika hata Naivasha, Mama! Anatapika, anapanguza mdomo, anaendelea kushika kamba. Nilimwambia tukwambie ukweli, akasema hapana, tayari hanipendi, wacha anichukie mimi. Hizo katalogi alizunguka nazo yeye ili mimi nisigombezwe."

Nilifungua mdomo.

"Sijamaliza," akasema. "Nikiwa na miaka saba uliniweka kwa kiti pale kazini kwako, ukanionyesha. Ukasema, ukishika hiki husikii mtu, hata akilia. Bonyeza, sema kifupi, achia, sikiliza. Unakumbuka? Mama, tangu nizaliwe wewe hujawahi kuachia."

Nilikumbuka. Alikuwa na sweta ya kijani na meno mawili yamekosekana.

Tulirudi Nyeri. Pale Kagio akina mama walikimbilia gari na beseni za nyanya, wakagonga dirisha upande wangu, sikufungua. Nilikaa nyuma na simu tatu kwenye mkoba, na hakuna aliyeniomba yake mpaka Ruring'u.

Jumanne Gathoni alikuja dukani peke yake. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba msamaha, mazuri, nimeyarudia mbele ya kioo, na mengine ya kujitetea kidogo, kwa sababu huwezi kwenda vitani mikono mitupu. Akapita mbele yangu akasimama kwa Njoki.

"Njoki," akasema, "mwambie Mama yuko sawa kuhusu redio."

Njoki akanitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Ile baridi ya mwezi wa saba iliingia dukani na haikuwa hata mwezi wa saba.

"Anasema uko sawa kuhusu redio," Njoki akasema kwa sauti ya chini.

Mwanangu alikuwa amekuja na orodha, na lazima niseme ilikuwa orodha nzuri. Skrini kubwa na rada alikuwa amezikata. Badala yake, kijisanduku kidogo cha GPS kisicho na tamaa ya umeme, na kingine cha akiba. Dira ya kufunga mbele ya usukani. Ramani za karatasi za pwani yote na penseli. Redio ya kufungwa ndani ya mashua, nguvu mara tano ya zile za mkononi, na antena yake juu kabisa kwenye ncha ya mlingoti ili ione mbali. Zile ndogo za Mwai zibaki za kubeba wakiacha mashua. Na juu ya orodha, kimepigiwa mstari mara mbili, kile chombo cha manjano cha dharura. Hicho hakijali mviringo wa dunia. Unavuta pini, kinaita setilaiti, setilaiti inaita waokoaji.

"Mwulize anafikiria nini," Gathoni akamwambia Njoki.

"Mwambie..." Nilikuwa na maneno elfu. Nilitaka kuuliza betri ya akiba. Nilitaka kumwambia waya wa mlingotini upakwe gundi pale juu, la sivyo maji yataingia. "Mwambie ni sawa," nikasema. "Na waya upakwe gundi juu."

"Mwambie tumeshapanga kupaka."

Chombo cha dharura huja na fomu. Mtu hujaza jina la mashua, rangi yake, watu wangapi. Na hujaza jina la mtu mmoja wa nchi kavu, ambaye waokoaji watampigia simu kwanza. Watamwuliza: ni kweli wametoka? Wako wangapi? Walikuwa wanaelekea wapi? Mara nyingi jibu la mtu huyo ndilo linaloamua waokoaji wataanzia upande gani. Nimekuwa upande wa pili wa simu hiyo miaka kumi na tisa. Hakuna mtu Nyeri nzima, na nitaongeza Karatina na Nanyuki, anayejua kuijibu kama mimi.

Gathoni alijaza akiegemea kaunta. Nimezoea kusoma karatasi za wateja zikiwa zimepinduliwa. Kwenye mstari wa jina, kwa ule mwandiko wake wa mwalimu, aliandika Njoki.

Niliona Njoki naye akiona. Akaiweka kalamu yake chini.

"Gathoni," Njoki akasema, "si uweke mama yako? Mimi sijui hizo vitu."

"Najua hujui," Gathoni akasema. Na sasa hakumtazama Njoki, alinitazama mimi, mara ya kwanza tangu Mwea. "Lakini nikiwa kwa maji, nikiwa na dakika moja ya kusema niko wapi, nataka mtu ambaye atanyamaza."

Akakunja fomu, akaitia bahasha, akatoka. Nilimsikia akishuka ngazi zote.

Nilikasirika. Msidhani nililia. Niliwakasirikia wote, mpaka Njoki, nikamwambia mteja wa spika arudi kesho, nikafunga duka saa tisa mchana. Nilienda nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Asubuhi yake nilikuja mapema kabla ya Njoki, nikakata kadi ngumu, nikaandika kwa herufi kubwa: Jina. Watu wangapi. Walitoka lini. Walielekea wapi. Mashua rangi gani. Nani ameumia. Njoki alipoingia nikamwekea kiti.

"Kaa," nikasema. "Simu yako isikose chaji hata siku moja, kuanzia leo. Waokoaji wakikupigia, au Gathoni mwenyewe akipata mnara wa simu, kwanza sikiliza. Usikatize. Mtu akiwa na hofu anaongea kwa duara, mwache azunguke, neno unalotaka litatoka lenyewe. Usimwambie, 'Nilikwambia.' Usimwambie, 'Kwa nini ulifanya hivi?' Hayo..."

Nikamtazama. Njoki alikuwa amekunja mikono mapajani, ananisikiliza, kama anavyowasikiliza wateja wajinga.

"Hayo ni ya baadaye," nikamaliza.

Siku tatu kabla ya trela kuondoka, Njoki aliomba wafanye mazoezi. Gathoni alichukua redio moja ya duka, akapanda ndani ya mashua kule Ruring'u, ingine ikabaki kwenye kaunta. Mimi sikualikwa, lakini duka ni langu, kwa hivyo nilikaa kwenye kiti changu nikijifanya nakaza skrubu za spika ya kanisa.

"Njoki, Njoki, hapa ni Gathoni," redio ikasema.

Njoki akabonyeza. "Gathoni, hapa ni Njoki. Endelea." Akaachia. Vizuri kabisa, hata kidole alikitoa mbali.

Wakafanya yote. Watu wawili. Mashua nyeupe, mstari wa bluu. Tumetoka Kilifi asubuhi. Maji yanaingia. Njoki alifuata kadi mstari kwa mstari, akarudia kila kitu kama nilivyomfundisha. Alikosea kidogo kwenye saa, nikauma mdomo. Hakuna aliyeniuliza.

Walipomaliza Njoki akaiweka kadi chini. Halafu redio ikasema, "Njoki, Mama yuko hapo?"

Njoki akanitazama. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Yuko."

"Anafanya nini?"

Njoki akaninyooshea redio. Nilikuwa nimeinua mkono tayari. Kidole gumba kilikuwa kimeshajua mahali pa kwenda. Niliona hicho kidole, nikakirudisha.

"Mwambie nasikiliza," nikasema.

Njoki akabonyeza. "Anasema anasikiliza." Akaachia.

Mvumo ukaendelea muda mrefu, mpaka nikadhani ameshuka kwenye mashua akaenda zake. Nje mtu wa viazi alikuwa anapiga kelele na kipaza sauti ambacho mimi mwenyewe nilikitengeneza.

"Basi mwambie naogopa," binti yangu akasema. "Mwambie sijamwambia hata Mwai. Naogopa sana."

Ngai fafa, maneno yalinijaa mpaka kooni. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na basi usiende, na nilikwambia, na njoo nyumbani sasa hivi, na mengine ambayo sitayaandika. Nikaiweka ile spika chini, nikashika kiti, nikakalia mikono yangu yote miwili.

Njoki aliningoja. Aliona jinsi nilivyokaa, akageukia redio.

"Endelea, Gathoni," akasema. "Tunakusikia."

Akaachia kitufe, na tukasikiliza.